Saa ya Chumba cha Mayai

Chumba cha mayai kiko nyuma ya nyumba ya wazazi wangu, kimegusana na jiko. Ukifungua mlango, joto linakupokea usoni kama pumzi ya mtu. Kushoto kuna mashine ya kutotolesha vifaranga, kabati pana la mbao lenye kioo mlangoni, na ndani yake trei za mayai zimepangwa juu kwa juu. Kulia kuna meza ambayo mguu wake mmoja umefungwa waya, na juu ya meza hiyo ndipo inapokaa kompyuta ya Baba.

Kompyuta hiyo ni kuukuu. Skrini yake ina kitambi kwa nyuma, maandishi yake ni ya kijani tupu, haina kipanya, na mtandao haijawahi kuusikia. Kazi yake ni moja. Kila baada ya muda inaiamrisha mota ilaze trei upande wa pili, ili kifaranga kisigande kwenye ganda lake. Inahesabu umri wa mayai kwa tarehe, na yakikaribia kuanguliwa inaacha kuyageuza ili yatulie. Joto lina kifaa chake peke yake. Lakini kugeuza ni kazi ya kompyuta, na kompyuta inategemea saa yake.

Baba aliinunua pamoja na mashine kutoka shamba moja la kuku lililokuwa likifungwa, wakati mimi bado binti. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyeigusa. Nyaya zake zote amezifunga kwa uzi mweusi wa kushonea, fundo baada ya fundo, yote yamefanana utadhani yamepigwa na cherehani. Baba ni mtu wa kufunga vitu. Miwani yake imefungwa uzi, mpini wa jembe umefungwa uzi, hata mfuniko wa birika.

Mwanzoni mwa mwaka alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakamkwama kooni. Anaelewa kila kitu, anacheka mahali pa kuchekea, ila akitaka kusema inatoka sauti moja tu, "ta, ta, ta," na akiona hatujamwelewa anageukia ukutani.

Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Niliacha shule mapema kusaidia nyumbani, na sasa, nikiwa na mjukuu tayari, nimeanza tena. Mchana napika katika jiko la shule, jioni nakaa kwenye dawati dogo kuliko mimi nikijifunza kompyuta pamoja na watu wazima wenzangu. Wadogo zangu wananiita Profesa. Nimezoea. Kila siku nikishuka ngazi za darasa lile namshukuru Mungu kwa somo moja, hata kama ni dogo. Siku niliyojifunza kuhifadhi faili nilishukuru mpaka nikafika nyumbani.

Basi, miezi kadhaa baada ya Baba kuugua, nilimwambia Mama kwamba nataka kujaza mashine.

"Wewe?" Mama aliuliza.

"Mimi. Nimemwona Baba akifanya tangu utoto."

"Kumwona fundi akishona si kushona, mwanangu." Hata hivyo alinisaidia kuchagua mayai, moja moja, akiyapangusa kwa upindo wa kanga. Tulipomaliza nilimleta Baba kwenye kiti chake cha magurudumu. Aliangalia trei zote, kisha akanishika kidole gumba akakiminya. Nikaweka mkono juu ya kioo nikaomba, kwa sauti ya chini, kwamba mayai haya yafike salama. Sikuomba yote yaanguliwe. Niliomba tu yasife kwa ujinga wangu.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Nilimulika mayai kwa tochi nikaona mishipa myembamba myekundu, kama mizizi. Nilimwita Mama aone. Akasema, "Haya, Profesa, wana damu hao." Hatukutaniana zaidi siku ile.

Kisha umeme ukakatika.

Haukukatika kwa muda mrefu. Nilirudi kutoka kazini nikakuta umerudi, joto liko sawa, Mama ameshafunika mashine kwa blanketi. Lakini kompyuta ilikuwa imekwama. Kwenye skrini kulikuwa na sentensi ya Kiingereza, na nilipoifuata kwa kamusi yangu nikaelewa kwamba mipangilio yake imepotea na inaomba mtu abonyeze kitufe ndipo iendelee. Nilibonyeza. Ikaniambia kwamba leo ni tarehe mosi Januari, mwaka elfu moja mia tisa na themanini.

Mwaka huo mimi nilikuwa nabebwa mgongoni.

Na kwa kuwa kompyuta iliamini hivyo, ilipopiga hesabu ya umri wa mayai iliona bado hayajatagwa, wala kuku walioyataga hawajazaliwa. Ikakataa kugeuza chochote. Trei zilikuwa zimelala upande mmoja tangu asubuhi. Nilirekebisha tarehe na saa, mota ikanguruma, trei zikalala upande wa pili. Nikakaa chini sakafuni nikashukuru.

Kesho yake umeme ulikatika tena, na kompyuta ikarudi mwaka ule ule.

Mdogo wangu alikuja jioni. Ana duka la mabomba na vigae, na tangu utoto anapenda kupanga watu, kwa hiyo tunamwita Meneja. Alisimama mlangoni pa chumba cha mayai akijipepea kwa shati.

"Dada, hili ni sanduku la makumbusho. Umeme wetu siku hizi unaingia na kutoka kama mwenye nyumba. Utashinda hapa unabonyeza vitufe?"

"Nitafanya nini?"

"Achana na haya mayai. Mama atafute vifaranga waliokwisha kuanguliwa, mashine tuipumzishe. Mzee mwenyewe hawezi tena."

"Yana damu," nilimwambia. "Nimeyamulika. Yanacheza."

Aliacha kujipepea. Meneja ana moyo laini, anauficha nyuma ya kelele. "Basi yageuze kwa mkono."

"Trei zimeshikiliwa na mota. Ni mpaka nifungue mlango nigeuze yai moja moja. Joto lote linatoka, unyevu unatoka. Nikifanya hivyo kutwa nzima nitakuwa nayaua taratibu. Na kazini nani atanipikia?"

"Mama abonyeze kitufe."

Kutoka jikoni sauti ya Mama ikaja, "Mama asiguse kitu cha mumewe ambacho hajaelekezwa! Nikikiharibu mtasema nani?"

"Haya," Meneja akasema, "nakupa mpaka Jumapili, Profesa. Ukishindwa, nakuja na mkokoteni."

Nilijua anatania, na nilijua pia kwamba hata bila mkokoteni wake, umeme ukikatika mara chache zaidi mimi nikiwa kazini, mayai hayatafika Jumapili.

Kesho yake jioni, darasani, nilisubiri wenzangu waondoke. Mwalimu wetu ni kijana mrefu, mkimya, ana tabia ya kufuta ubao mpaka unang'aa. Nilimweleza yote. Alifurahi kama mtu niliyemletea zawadi.

"Mama, hiyo ni saa. Kompyuta inapozimwa haifi yote. Kuna sehemu ndogo ndani inabaki macho, inahesabu muda na kukumbuka mipangilio. Hiyo sehemu inakula betri yake yenyewe. Umeme ukilala, yenyewe inakula betri. Betri ikiisha, inasahau kila kitu."

"Ndiyo ile betri bapa uliyotuonyesha, kama kitufe cha koti?"

"Ndiyo hiyo. Zima mashine, fungua, ichomoe, weka mpya. Ni kazi ya kumenya chungwa."

Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa mwepesi kabisa. Njiani nilinunua betri bapa, nikaifunga kwenye leso, na kabla ya kulala niliiombea. Mtu anaweza kucheka kwamba nimeiombea betri. Lakini mimi huombea unga kabla ya kuukanda, na sijaona ubaya wake.

Alfajiri, kabla ya kwenda kazini, nilizima kompyuta, nikafungua skrubu za Baba na kuinua mfuniko. Vumbi lilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Baba alikuwa akiipiga brashi. Nilitafuta betri bapa ubao mzima, kona kwa kona, kama mama anayetafuta chawa. Haikuwepo. Hapakuwa hata na mahali pa kuipachika. Pembeni ya ubao kulikuwa na doa la kijani kibichi lililosuguliwa, na pembeni ya doa hilo nyaya mbili nyembamba, moja nyekundu na moja nyeusi, zilizotoka kwa nyuma na kujiunga na kifungu kikubwa cha nyaya zinazokwenda kwenye mashine. Zote zimefungwa uzi. Nikadhani ni za mota. Baba alifunga, mimi ni nani nifungue?

Nilirudisha mfuniko, nikaiwasha, nikabonyeza kitufe, nikaandika tarehe upya, nikaenda kazini na betri yangu ndani ya leso.

Sasa, kuna jambo la tochi ambalo sijalisema.

Siku hizo zote Baba alikuwa akiidai tochi. Alianza siku ile ya kwanza umeme ulipokatika. Alikuwa akinyoosha mkono wa kushoto kwenye rafu, "ta, ta, ta," mpaka Mama akampa. Mama akaiwasha, akamulika dari. Baba akatikisa kichwa kwa hasira.

"Mzee anaogopa giza," Mama aliniambia kwa huzuni. "Mchana kweupe, anaogopa giza."

Mimi nikafikiri vingine. Nikafikiri anataka kumulika mayai, ajionee mwenyewe kama yana uhai. Kwa hiyo nilichukua yai moja nikalifunga kwenye kitambaa chenye joto, nikampelekea chumbani, nikalimulika mbele ya macho yake. Mishipa ilionekana vizuri. Baba aliitazama, macho yakamlainika, akanipapasa shavu. Kisha akaninyang'anya tochi akaanza kuhangaika na kitako chake kwa meno na mkono mmoja, mpaka betri zikaanguka kitandani.

"Umeona?" Mama akasema. Alizikusanya upesi, akazirudisha ndani ya tochi na kuificha tochi mfukoni mwa aproni. "Ugonjwa haujabadilisha kitu. Ni yule yule."

Nilijua anachomaanisha. Nyumba yetu ilikuwa na mwizi wa betri, na mwizi huyo alikuwa Baba. Kila baada ya muda, tochi ingekutwa tupu. Au rimoti ya televisheni ingekufa taarifa ya habari ikianza, ukifungua unakuta kuna hewa. Redio ndogo ya Mama, anayosikilizia sala za asubuhi, ndiyo iliyoteseka zaidi. Mama alifika mahali pa kulala nayo chini ya mto. Tukimuuliza Baba anacheka tu. Meneja alipokuwa mdogo alisema Baba anazinyonya kama peremende, ndiyo maana ana nguvu. Maneno hayo yakawa wimbo wa nyumba. Hakuna aliyewahi kuuliza zinakwenda wapi kwa nia ya kujibiwa.

Jumamosi mwalimu alikuja. Sikumwita. Nilimweleza tu kwamba sikuiona betri, naye akasema hilo halimwachii usingizi. Alipoingia chumba cha mayai aliisalimu kompyuta kwa kuigusa begani, kama mtu anayemsalimu babu yake. Meneja naye alikuwepo, amekuja bila mkokoteni ila kwa uso wa mkokoteni. Mama alileta chai. Baba tulimsogeza mlangoni na kiti chake, kwa sababu alikataa katakata kubaki chumbani.

Mwalimu alifungua, akainama juu ya ubao.

"Hapa palikuwa na betri," alisema, akigusa lile doa la kijani. "Ya aina ya zamani, ya duara, iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao. Hizi zikizeeka zinavuja na kula ubao. Mtu ameing'oa kabla haijaharibu. Kazi safi kabisa. Angalieni, amesafisha hadi shaba."

"Mzee huyo," Meneja akasema, na nikasikia fahari ndani ya sauti yake.

"Lakini mwalimu, kama ameing'oa," niliuliza, "hii miaka yote saa ilikuwa inakula nini?"

Mwalimu alikuna kidevu. "Hilo ndilo silielewi. Umeme ulikuwa unakatika zamani pia?"

"Kuliko sasa," Mama akasema.

"Na tarehe haikupotea?"

Hatukujua. Baba ndiye aliyekuwa akijua mambo ya chumba hiki. Tulimgeukia sote kwa pamoja, na nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kwamba watu wanne walimwangalia wakisubiri ajibu.

"Ta," akasema Baba. Akanyoosha mkono kwa Mama. Kwa mfuko wa aproni yake.

"Jamani, si hiyo tochi tena," Mama akalalamika. "Mchana huu, mzee, unataka kummulika nani?"

"Mpe, Mama," nilisema.

"Atazichomoa."

"Mwache azichomoe."

Mama alimpa. Baba aliibana tochi katikati ya magoti, akazungusha kitako chake kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua muda. Meneja alitaka kumsaidia nikamzuia kwa jicho. Kifuniko kilitoka, Baba akaiinua tochi akaimimina, na betri mbili nyembamba zikaanguka kwenye kiganja changu. Akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja. Kisha akauelekeza mkono wangu kwa kompyuta.

Nilisimama nimezishika. Zilikuwa na uvuguvugu wa mfuko wa Mama. Na maneno ya mwalimu yakanirudia, kwamba sehemu ile inakula betri, hata umeme ukilala.

"Mama," nikasema. "Baba hajawahi kuziiba betri."

"Nani kakwambia?"

"Alikuwa anailisha saa."

Nilipiga magoti nyuma ya meza. Nilizishika zile nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, nikazifuata kwa vidole ndani ya kifungu, fundo baada ya fundo. Nyingine zote zilikwenda kwenye mota. Hizi mbili ziliachana nazo katikati ya njia, zikapita chini ya meza, zikapanda ubavuni mwa mashine mahali penye ubaridi kidogo, zikaingia kwenye kikopo cha sabuni cha plastiki, cha rangi ya waridi, kilichofungwa hapo kwa uzi mweusi.

"Kisabuni changu!" Mama alipiga kelele. "Kisabuni changu cha bafuni! Nilimlaumu shemeji yangu mpaka akaacha kuja!"

Meneja alicheka mpaka akajishikilia mlango. Baba naye alicheka, mdomo umepinda upande mmoja, machozi yanamtiririka, na sikuweza kutofautisha ni ya kicheko au ya nini. Mimi nililia waziwazi. Siku zote zile alikuwa akitwambia kitu kilicho wazi kabisa, nasi tulikuwa tukimmulikia dari.

Ndani ya kikopo kulikuwa na betri tatu zilizovimba, zimetoa unga mweupe. Mwalimu alisema tangu Baba augue hakuna aliyezibadilisha, kwa hiyo kila umeme ulipokatika zilizidi kuisha, mpaka zikafa kabisa. Mama alileta siki na kitambaa kikuukuu. Nilisugua vile vibati vidogo ambavyo Baba alivikunja kwa mkono kutokana na kopo la maziwa, nikavikausha kwa upindo wa gauni mpaka vikang'aa. Mwalimu alinionyesha upande upi uelekee wapi, na akaniachia nipachike mwenyewe.

"Zinatakiwa tatu," alisema.

Nilikuwa na mbili.

Meneja akatazama dari. Baba akatazama magoti yake, kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona. Mama alivuta pumzi ndefu, akaenda chumbani, akarudi na redio yake. Aliifungua kwa nyuma akatoa betri moja.

"Nitasali bila redio," alisema. "Mungu ana masikio."

Tuliweka tarehe, saa, na mipangilio mingine ambayo mwalimu aliisoma polepole huku mimi nikibonyeza. Kila kitu kilikuwa sawa. Lakini umeme ukiwepo kila kitu kilikuwa sawa siku zote. Njia ya kujua ilikuwa moja, nayo ni kuzima kabisa ukutani, kusubiri, na kuwasha.

Meneja alishika swichi. "Nizime, dada?"

Hakuniita Profesa. Nikatazama mashine, nikaona trei zangu nyuma ya kioo. Nikasema moyoni, Bwana, umenionyesha kikopo cha sabuni, sidhani umenileta hadi hapa ili uniache. Halafu nikaona hayo si maneno ya kumwambia Mungu, ni kama kumshurutisha, nikaanza upya: Asante. Basi.

"Zima."

Skrini ikapungua mpaka ikawa nukta, na nukta ikaondoka. Chumba kikawa kimya kiasi cha kusikia chai ikipoa. Tulisubiri. Mama alikuwa ameshika bega la Baba. Baada ya muda mwalimu akaitikia kwa kichwa, na Meneja akawasha.

Maandishi ya kijani yalipanda taratibu. Hayakusimama kuomba kitufe. Yalipita, yakafika kwenye ukurasa wa mayai, na juu kabisa, kwenye kona, ilikuwa tarehe ya leo. Ya leo hasa, Jumamosi ile ile, na saa ilikuwa imesogea wakati sisi tumesimama tukisubiri. Mota ikanguruma. Trei zikalala upande wa pili.

"Leo," nilisoma kwa sauti. "Inasema leo."

Baba aligonga mkono wa kiti mara moja, kama mtu anayefunga mkutano.

Umeme ulikatika tena wiki hiyo, si mara moja. Nilikuwa jikoni shuleni nikikoroga sufuria, na kila taa zilipozimika moyo uliruka kisha ukatulia. Nikirudi nakuta Mama anashona, Baba amesinzia, na trei zimelala upande unaotakiwa.

Siku ya kuanguliwa niliomba ruhusa kazini. Yai la kwanza lilipasuka asubuhi, tundu dogo kama la sindano, na mdomo ukitokeza. Mengine yakafuata. Si yote. Trei ya juu, ambayo nadhani ndiyo iliyoumia siku zile za mwanzo, ilibaki na mayai mengi kimya, nikayatoa moja moja nikayaaga, maana nayo yalijaribu. Lakini mpaka jioni mashine ilikuwa inalia kwa sauti nyembamba kutoka kila kona, na sikuweza kuondoka hata kula.

Nilichukua kifaranga kimoja kilichokwisha kukauka nikakiweka kwenye mkono wa kulia wa Baba, ule uliolegea. Kilisimama juu ya kiganja kikitafuta usawa. Kidole kimoja cha Baba kilijikunja, kidogo sana, kukizuia kisianguke. Mama alikiona.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakutuambia miaka yote ile. Aliinua bega lake zima na kutabasamu. Pengine lilianza kama jambo la muda, mpaka apate betri ya kweli. Pengine alipenda tu kuwa na kitu kimoja ndani ya nyumba anachokijua peke yake. Simdai jibu. Ninachojua ni kwamba miaka mingi tumekula, tumesoma wale waliosoma, na tumecheka, kwa sababu mtu mmoja alikubali kuitwa mwizi.

Jioni ile ya kuanguliwa Mama alikuja kutoka dukani. Alipita kwenye chumba cha mayai, akapita karibu na kelele zote zile kama asiyezisikia, akasimama mbele ya kiti cha Baba. Alitoa pakiti mpya ya betri akaiweka kwenye mapaja yake.

"Hizi ni zako, mzee," alisema. "Za redio usiguse."